Krimu Niliyompaka Mwanao

Mtaa wa Sofia,
Busia, Uganda.
19 Novemba 2024.

Mpendwa Dada Maggie,

Yoga, dada yangu, nakusalimu kwa Ateso yetu kwanza. Habari za siku nyingi, habari za kazi, habari za joto la huko Muscat? Na mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema yule mama wa nyumba amekubali ukae kwenye kiti wakati wa kukata mboga, nami nilimshukuru Mungu kwa niaba ya mgongo huo. Usiache kujifunga ile shuka kiunoni.

Sisi huku tunatembea kwa miguu yetu. Mama yuko nyumbani kule nje ya Tororo. Magoti yanamsumbua, lakini wiki iliyopita alivuna karanga mwenyewe na akamfukuza kila aliyekwenda kumsaidia. Nathan wangu bado yuko na malori. Leo ni siku ya pili amekwama kwenye foleni ya mpakani, analala chini ya tela. Mvua imekuja vizuri mwaka huu, hata vijiji vya Masaba na Bulumbi watu wanasifu mihogo.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Jirani yangu Hajarah anarudi Muscat Alhamisi, likizo yake imekwisha, na ameniahidi kukukabidhi mkononi. Nimeamua kuandika kwa sababu simu inanipa njia ya kukimbia. Mtandao ukikatika, nashukuru. Mara nne nimekupigia nikiwa nimejiandaa kukueleza jambo hili, na mara zote nne nikaishia kukuuliza umekula nini. Kwa hiyo naandika, kwa Kiswahili chetu cha shule ya upande wa Kenya, maana Ateso ya kuandika inanishinda. Tafadhali kaa nayo mahali ambapo hakuna wa kukuita, uisome hadi mwisho kabla hujanipigia.

Jambo lenyewe ni la Akongo. Yuko hai, yuko shuleni, anakula. Nimetanguliza hayo ili moyo wako usikimbie mbele ya macho. Lakini mwanao anatibiwa ukoma, na mkono wake wa kulia umeharibika kiasi, na umefika hapo ulipofika kwa sababu yangu.

Nianze mwanzo. Krismasi iliyopita, alipokuwa anasukwa nywele, aliniuliza kama nimeona baka kwenye shavu lake la kulia. Lilikuwa dogo, mfano wa kifuniko cha soda, limepauka katikati, na wekundu kidogo pembeni. Lingine lilikuwa mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Nikasema ni choa. Nikampaka dawa ya choa wiki tatu, halikusikia. Nikamletea sabuni ya salfa, halikusikia. Msichana wa miaka kumi na sita, unajua mwenyewe. Akaanza kukaa darasani ameshika shavu kama mtu anayeumwa jino.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kuleta dukani krimu ya kurudisha ujana. Ilikuwa inatoka ng'ambo ya mpaka, mama mmoja anatugawia sisi wenye maduka ya vipodozi. Kopo jeupe, kifuniko cha rangi ya dhahabu, picha ya mwanamke asiye na kunyanzi hata moja. Juu yake imeandikwa kwamba inafuta makunyanzi, madoa ya jua, na kuamsha ngozi iliyochoka. Mimi mwenyewe nilikuwa naipaka kwenye paji la uso, si unalijua paji letu la baba, na ngozi ilikuwa imelainika hata Nathan aliona bila kuambiwa. Nikawaza, kitu kinachofuta miaka arobaini kitashindwaje na baka la mtoto? Nikampaka. Asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya kuoga, kwa mkono wangu huu.

Na baka likafifia, dada. Hilo ndilo lililonimaliza. Ndani ya mwezi mmoja wekundu ulikuwa umetoka, na ukimwona kwa mbali usingejua kitu. Akongo alijitazama kwenye kioo cha dukani, akanikumbatia mbele ya wateja. Mimi nikampiga picha. Nikaiunganisha na ile ya Krismasi, nikaziweka kwenye status yangu ya WhatsApp, nikaandika: Kabla na Baada. Sikumwomba ruhusa mtoto, wala wewe. Wakaja watu. Nusura, yule mwenye meza ya mitumba karibu na stendi, alikuja mbio.

"Teo, nipe ile imesafisha mtoto," akasema.

Nikampa. Nikawapa na wengine. Uso wa mwanao ulinivutia wateja miezi mingi, na wewe huko mbali ukijua kwamba namlea.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inazidi kuwa nzito. Siku moja mwezi wa pili nilikuwa nimetoka kushona kifungo, na sindano nilikuwa nimeichomeka kwenye mkono wa blauzi, kama Mama anavyofanya. Nikasahau. Nilipoinama kumpaka Akongo krimu mkononi, sindano ikamchoma katikati ya baka. Haikuwa kidogo. Niliona tone la damu likitokeza. Akongo alikuwa ananisimulia jinsi mwalimu wao wa bayolojia alivyokosea jina la mdudu, naye akaendelea na hadithi yake. Hakushtuka. Hakukatisha hata neno.

Nikaifuta damu kwa kidole gumba, nikaendelea kupaka.

Nilijua, dada. Siwezi kujificha nyuma ya ujinga, maana wewe na mimi tulikua karibu na Babu Engole. Unakumbuka kibanda chake nyuma ya ghala, na kibuyu chake ambacho hakuna mwingine aliyekigusa. Unakumbuka alivyokuwa anageuza makaa kwa vidole, sisi tunacheka tukidhani ni mchawi wa moto. Unakumbuka alipofariki, wanaume walisimama mbali na Mama peke yake ndiye aliyeingia kumwosha. Mtu aliyeyaona hayo akiwa mtoto, akaona sindano inaingia kwenye mwili na mwili haujibu, hawezi kusema hakujua. Nilijua, na neno lenyewe sikulitamka hata kichwani.

Niliogopa nini? Nimejiuliza sana. Ningependa kukuambia nilimwogopea Akongo, na kweli nilimwogopea, kwamba watamtenga, kwamba hataolewa. Lakini nikisema ukweli wote, la kwanza lililonijia ni duka. Nani atanunua urembo kwenye nyumba yenye ukoma? Hilo ndilo lilikuja kwanza. Wewe ulikuja la pili, na mtoto mwenyewe la tatu. Kuanzia siku hiyo nikampaka mara tatu kwa siku badala ya mbili.

Mwisho wa mwezi wa nne, shule zikikaribia kufungwa, nikaona kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kimeanza kujikunja chenyewe. Kalamu ikawa inamtoka. Mwandiko wake ule ambao wewe ulikuwa unajivunia ukaanza kutambaa nje ya mstari. Akaangusha kikombe, nikamgombeza. Akaangusha cha pili, nikamwambia ni kwa sababu ya kushika simu mchana kutwa. Alikubali. Mtoto wako ana adabu, Maggie, anakubali hata lawama isiyo yake.

Na Jumapili ulipokuwa unapiga kwa video, mimi ndiye nilikuwa nashika simu. Nilikuwa namkalisha dirisha likiwa nyuma yake, shavu la kushoto kwako, mkono wa kulia chini ya meza. Ukaniuliza siku moja, "Mbona mtoto ananipa shavu moja tu?" Nikakujibu ni aibu za wasichana wa siku hizi. Ukacheka. Kicheko hicho bado ninacho sikioni.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa, shule zinajiandaa kufungua. Nilikuwa nje nachambua mchicha, nikasikia harufu. Nikadhani jirani anababua kichwa cha mbuzi. Harufu ikazidi, na ilikuwa inatoka kwangu. Nikaingia. Akongo alikuwa anapiga pasi sketi yake ya shule kwa pasi ya makaa, anaimba wimbo wa kwaya polepole, na upande wa nje wa kiganja chake, ule wa kidole kidogo, ulikuwa umeegemea chuma.

Nikapiga kelele. Yeye akanitazama mimi, hakuutazama mkono.

"Mama mdogo, kuna nini?"

Nikaupiga mkono wake, ukaachana na pasi, na ngozi ikabaki kwenye chuma. Ndipo akaona. Aligeuza kiganja juu chini kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Mbona siumii?" akauliza. Akauliza tena, "Mama mdogo, mbona siumii?"

Mara ya tatu hakuuliza. Alinitazama tu machoni, nami nikatazama chini. Nadhani ndipo alipojua kwamba nilikuwa najua tangu mwanzo.

Jumatatu tukaenda hospitali. Hata hapo nina doa: hapa Busia kuna mahali pa kutibiwa, pande zote mbili za mpaka, lakini nilimpeleka hadi Tororo ili wateja wangu wasituone. Njiani aliketi karibu na dirisha, mkono umefungwa kitambaa, akitazama nje hadi tulipouona mwamba wa Tororo.

Tulipelekwa kwa mhudumu wa mambo ya ngozi anaitwa Ecweru, mtu wa makamo, mpole, ana mvi kidogo. Alimwambia Akongo afumbe macho, akawa anamgusa kwa pamba na kumwambia aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Kwenye shavu hakuonyesha kitu. Kwenye mkono hakuonyesha kitu. Nilikuwa nimesimama ukutani naona pamba inagusa, inagusa, na mtoto amefumba macho anangoja kwa utulivu ianze. Kisha Ecweru akamshika nyuma ya kiwiko, akaniita nishike nami. Mshipa wa fahamu ulikuwa umevimba, nene kama kamba ya ng'ombe.

"Hiki kidole kimelegea tangu lini?" akauliza.

Nikajibu kabla Akongo hajafungua mdomo. "Wiki tatu hivi."

Ecweru akaunyanyua mkono wa mtoto, akanionyesha kati ya kidole gumba na cha shahada, pale ambapo mtu huwa na nyama. Kulikuwa na shimo.

"Mama," akasema taratibu, "nyama ya hapa haiishi kwa wiki tatu. Naomba unijibu tena. Kuna dawa nataka kumpa, na inategemea jibu lako."

"Mwisho wa mwezi wa nne," nikasema.

"Na baka?"

"Krismasi."

"Na hapo katikati mlikuwa mnatumia nini?"

Nikatoa kopo kwenye mkoba. Akalipokea, akavaa miwani, akasoma pande zote.

"Hii ni ya makunyanzi," akasema. "Mtoto ana makunyanzi wapi?"

Akongo ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Ilikuwa inasaidia, daktari. Lilifutika." Alikuwa ananitetea, dada. Na mkono ule.

Ecweru alieleza yote mbele yetu wawili, na nilipenda kwamba aliongea na Akongo, si na mimi. Alisema ni ukoma, na akalitaja neno kama mtu anayetaja malaria. Alisema haumo kwenye damu ya ukoo wala si laana ya mtu. Unaletwa na vijidudu, unapona kabisa kwa vidonge, na akishaanza dawa hamwambukizi mtu. Alisema krimu kama ile huenda ilikuwa imechanganywa dawa kali ya kutuliza uvimbe ambayo haikuandikwa kwenye kopo. Inazima wekundu wa juu, na chini ugonjwa unaendelea kula mshipa. Kisha akasema jambo ambalo nalirudia kila siku: "Angekuja kabla mkono haujaguswa, angemeza vidonge miezi sita, na habari ingekwisha hapo." Alilisema bila hasira. Afadhali angefoka.

Akampa pakiti za vidonge za miezi sita, na vingine vya kutuliza mshipa, kwa kuwa haukuwa umefikisha nusu mwaka. Kidole cha pete, ambacho nacho kilikuwa kimeanza kujikunja, kinaweza kurudi. Kidole kidogo hakuahidi. Mkojo ulitoka mwekundu siku ya kwanza, tukaogopa, kumbe ni dawa. Ngozi yake pia inaanza kuiva kwa weusi. Alituambia mapema kwamba itakuwa hivyo, na kwamba itarudi. Kidonda cha pasi kimefunga, kimeacha kovu refu.

Jioni ile nilimweleza Nathan kwa hofu, maana nilidhani atasema mtoto ahame. Akanawa mikono, akamwita Akongo, wakala sahani moja, ugali kwa mboga, vidole vyao vikikutana kwenye bakuli. Sijawahi kumpenda mume wangu kama jioni ile, wala kujidharau mwenyewe kama jioni ile. Wote nyumbani tumepimwa, tukapewa dozi moja ya kinga. Tuko salama.

Mama nilimwendea mwenyewe. Nilidhani atalia kwa ajili ya ugonjwa. Alilia, lakini kwa jambo lingine.

"Engole nilimwosha mimi," akaniambia. "Mikono yangu hii hapa, itazame. Wewe ulikuwa unachungulia mlangoni. Kumbe hukuona kitu?"

Akafunga mzigo, akaja Busia na magoti yake mabovu, akakaa wiki mbili anamnyoosha Akongo vidole kwa mafuta kama Ecweru alivyofundisha, kimoja kimoja, huku akimsimulia habari zako ukiwa mtoto.

Dukani nilitoa krimu zote, nikazitumbukiza chooni. Ile picha nilishaifuta kitambo, lakini macho ya watu hayafutiki, kwa hiyo nikawaendea wateja. Nusura alikuwa anampaka mwanawe mwenye upele kichwani. Nilimwambia aache, ampeleke akaonwe.

"Na ile picha ulituonyesha?" akaniuliza.

"Nilikuwa najua kuna kitu chini yake," nikamjibu.

Alinitazama sana. Tangu siku hiyo hanunui hata sabuni kwangu, na sina neno juu yake. Wengine pia wamepungua. Na wengine, sitakuficha, wamepungua kwa sababu wamesikia kuna ukoma nyumbani. Lile nililolikimbia limenifikia, ila limenifikia mimi mzima, na yeye mkono umeshaumia.

Akongo amerudi shuleni. Alimweleza mwalimu wa darasa mwenyewe, Mwalimu Juliet, hakutaka niende naye. Msichana mmoja aliyekuwa anakaa naye alihama dawati. Mwingine, ambaye hawakuwa hata marafiki, alihamia pale pale. Anaandika polepole, kalamu ameifunga kipande cha mpira ili inenepe. Kila jioni anaukagua mkono wake, juu na chini na kati ya vidole, kwa sababu hauwezi kumwambia ukikatwa au ukiungua. Anautazama kama mama anavyomtazama mtoto mchanga baada ya kumwogesha.

Hajanigombeza. Asubuhi ananiamkia, ananipikia chai, bado ananiita mama mdogo. Lakini mafuta ya mkono hakubali nimpake. Bibi yake alipoondoka nikanyoosha mkono nichukue chupa, akaiweka nyuma yake kwa adabu. "Nitajipaka," akasema. Anaifungua kwa meno. Mimi nimekaa pale namwangalia.

Juzi nilimwambia nakuandikia. Alikuwa anaosha vyombo, amevaa glovu ambazo Ecweru alimpa. Hakugeuka.

"Mwandikie mama yote," akasema. "Usipunguze."

Sikuambii uje, wala sikuambii ubaki umalizie mkataba. Sina tena haki ya kukushauri juu ya mwanao. Ukisema ahamie kwa Mama, nitambebea sanduku mimi mwenyewe na sitafungua mdomo. Ukisema abaki, nitamlea kama mtu aliyepewa kitu mara ya pili. Ukitaka kunipigia kunifokea, nipigie. Simu nitapokea, na sitakuuliza umekula nini.

Kuna jambo moja nilikuwa nimekusudia kuliacha. Nimeandika hadi hapa nikitumaini barua itajaa kabla sijalifikia, lakini karatasi bado ipo. Akongo aliniomba nimpeleke hospitali. Ilikuwa mwezi wa tano, wakati wa likizo. Alikuja dukani hakuna mteja, akasimama upande wa pili wa meza kama anayenunua.

"Mama mdogo, hapa kwenye baka sisikii kitu. Twende hospitali."

Nikamwambia ni krimu inafanya kazi. Nikamwambia ganzi ndiyo dalili ya ngozi kupona. Na alipotaka kuongeza neno, nikamwambia hospitali wataandika jina lake kwenye kitabu, na jina la msichana likishaandikwa humo halifutiki. Hakuniomba tena. Alikuwa na miaka kumi na sita na wewe hukuwepo, akaamini kwamba nikisema mimi umesema wewe.

Hilo ndilo la mwisho. Nimekukosea, dada, na nimemkosea yeye zaidi. Siombi unisamehe kwa barua. Naomba tu usiache kuniita mdogo wako.

Mama anakusalimu, anasema ukirudi usimletee viatu vya visigino. Nathan anakusalimu kutoka foleni. Mwanangu Paddy anakusalimu, ameota meno yote ya mbele. Mwalimu Juliet naye amesema nikufikishie salamu, na kwamba Akongo hajashuka darasani. Msalimie Hajarah ukimwona tena, umshukuru kwa kunibebea mzigo huu asioujua uzito wake.

Mungu akulinde kwenye nyumba ya watu, aupe mgongo wako nguvu, na akufikishe kwetu siku utakayoichagua wewe.

Mimi mdogo wako niliyekukosea na ninayekupenda bado,

Teopista.

N.B. Nilimpa Akongo aisome kabla sijaifunga, maana nilimwahidi sitapunguza. Ameisoma akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa mwisho akairudisha mezani, akaweka kidole mahali pamoja.

"Hapa si mwezi wa tano," akasema. "Ilikuwa mwezi wa tatu, wiki ya kabla ya Jumapili ya Matawi. Siku hiyo nilikuwa nimeandika insha kurasa nne, na mkono haukuchoka."

Nikachukua kalamu nikate. Akanizuia. Amesema niache kama nilivyoandika, mama aone.

Anasema kweli, dada. Mwezi wa tano kidole kilikuwa kimeshakunjika. Mwezi wa tatu mkono ulikuwa mzima. Na nilipokuwa naandika wa tano, nilijua ni wa tatu.